Mwacheni Mama Ashike Ufunguo Wake

Leo, hapa Mpwapwa, nataka tuzungumze habari za wazee wetu na akili zao. Nitaanzia nyumbani kwetu, maana jambo hili nililikosea kwanza, kulisoma kukaja baadaye.

Baba alipofariki, sisi watoto tulikaa kikao. Tulikuwa sita, na kila mmoja wetu alisema neno moja: mama apumzike. Amelima miaka yote, ametusomesha kwa karanga na alizeti, sasa ni zamu yetu. Tukamwondolea jembe. Tukamletea binti wa kumsaidia, naye akachukua jiko. Mdogo wangu akachukua kazi ya kuuza karanga, na hesabu ikahamia kwake, na ufunguo wa ghala pia. Mama alikuwa kwenye kikoba cha kuweka na kukopa, mmoja wa wale watatu wanaoshika funguo za sanduku. Tukamwombea atolewe, tukasema kukaa kikao kutwa nzima kunamchosha. Hata mambo ya ukoo, nani kaolewa wapi, mahari ya nani imebaki ng'ombe wangapi, tukawa tunawapigia simu wajomba ili tusimsumbue. Tukamwekea kiti chini ya mwarobaini. Akakaa.

Mwaka wa pili akaanza kuuliza leo ni siku gani. Wajukuu akawaita kwa majina ya baba zao. Siku moja nilimkuta ameshika noti ya elfu mbili na ya elfu kumi, anazigeuzageuza, kisha akanipa zote. "Chukua wewe, mwanangu. Pesa za siku hizi zinanichanganya." Huyu ni mwanamke aliyeuza karanga debe kwa debe miaka thelathini bila daftari, na hakuna mchuuzi aliyewahi kumpunja.

Tulisema ni uzee. Jirani mmoja alisema neno baya zaidi, neno ambalo katika nchi yetu limewagharimu bibi zetu wengi uhai wao, nami silirudii hapa.

Tulipompeleka kupima, muuguzi aliyetupokea alichukua muda wake. Alipima presha, ikawa juu. Alimulika masikio, akakuta nta imekauka humo, imeziba kama udongo wa kichuguu. Kumbe nusu ya maneno tuliyodhani mama ameyasahau, hakuwa ameyasikia. Akamuuliza mama maswali mawili matatu, taratibu, akimtazama usoni. Kisha akatugeukia sisi. "Mama anafanya kazi gani nyumbani?" Kaka yangu akajibu kwa fahari kwamba hafanyi kazi yoyote, tumempumzisha. Yule muuguzi akaweka kalamu mezani. "Hata ya kufikiri?"

Swali hilo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo.

Msikilizaji, kuna wilaya moja hapa nchini ambako akili za wazee wa vijijini zimechunguzwa kwa makini kwa miaka mingi, nayo ni Hai, mkoani Kilimanjaro. Watafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, na wenzao kutoka Newcastle, Uingereza, walipita katika vijiji sita wakawafikia wazee zaidi ya 1,100 wenye miaka 70 na kuendelea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: katika kila wazee mia moja, kama sita hivi walikuwa na demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri hadi mtu anashindwa kujiendesha. Sita ni wengi, na kila mmoja ana familia inayohangaika. Lakini itazame hesabu hiyo kwa upande wa pili. Tisini na wanne hawakuwa nao. Basi yule mzee anayepotea njia ya nyumbani kwake mwenyewe, usiseme ndivyo wazee walivyo. Uzee ni mvi na magoti. Kupotea njia ya kwako ni ugonjwa, na mgonjwa hutafutiwa msaada.

Watafiti hao walikutana na kikwazo ambacho sisi wa Mpwapwa tunakielewa vizuri. Vipimo vingi vya akili vya Ulaya vinamtaka mtu aandike sentensi, achore saa, anakili michoro kwa kalamu. Bibi aliyezuiwa shule akiwa mtoto kwa sababu ng'ombe hawana mchungaji, atashindwa kabla hajaanza, na kushindwa kwake hakusemi lolote kuhusu ubongo wake. Ndipo kikatungwa kipimo kifupi kinachoitwa IDEA. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, na kiongozi wa kijiji ni nani. Anatakiwa kutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Anaulizwa daraja ni kitu gani. Anasomewa maneno kumi, na baadaye anaombwa ayarudie. Pale ambapo kwingine angepewa kalamu, hapa anapewa njiti za kiberiti, azipange kufuata umbo aliloonyeshwa. Nilipokutana na habari ya zile njiti nilisimama nikaisoma mara mbili. Mtu alifikiria mikono ya bibi zetu imezoea kushika nini, akawapimia kwa hicho. Hiyo kwangu ni heshima.

Sasa, ukishajua mzee amepungukiwa, unamfanyia nini? Mjini London, mtafiti Aimee Spector na wenzake walitengeneza tiba isiyo na kidonge hata kimoja. Mwaka 2003 walitangaza matokeo ya watu 201. Wazee wanakaa kikundi kidogo, vikao 14, viwili kwa wiki, kila kikao kama dakika 45, na wanachofanya humo ni kuchangamshwa akili kwa mpangilio maalumu. Faida waliyoipata ililingana vizuri na ile ya dawa za kumbukumbu zilizokuwapo wakati huo. Tiba hiyo baadaye ikaletwa Hai, ikarekebishwa ifae watu wasiosoma na vijiji visivyo na vifaa, ikajaribiwa kwa wazee 34 wenye demensia ya kiwango cha chini na cha kati. Mwaka 2017 taarifa ikatoka: uwezo wa kufikiri ulipanda, wasiwasi ulishuka, na tabia zile zinazowasumbua wanaomtunza mgonjwa zilipungua.

Ndani ya kikao kunafanyika nini? Kikundi kinajipa jina. Kinachagua wimbo wake wa kufungulia. Wanarushiana mpira, anayeudaka anasema jambo. Siku moja mada ni chakula, siku nyingine utoto, siku nyingine fedha, sauti, habari za mjini. Ukitazama haraka utasema hawa wanapiga soga tu. Lakini kuna kanuni moja humo ambayo imebadilisha namna ninavyoongea na mama yangu, nami naomba uisikilize vizuri. Katika vikao hivyo mzee haulizwi anakumbuka nini. Anaulizwa anaonaje.

Fikiria tunavyofanya sisi. Mgeni anaingia, anamwinamia bibi, anapaza sauti: "Bibi, unanikumbuka? Mimi nani? Hebu nitaje!" Watu wote wamenyamaza wanamtazama mdomo. Bibi anatabasamu tabasamu lile la kuomba msamaha. Jina halipo. Kila siku anapewa mtihani huo, kila siku anafeli mbele ya wajukuu, mwishowe anaona heri anyamaze. Na akishanyamaza, ubongo wake umenyimwa kazi yake kubwa kuliko zote, yaani mazungumzo. Sasa mwingie kwa mlango mwingine. "Shikamoo bibi, mimi ni mtoto wa Mlugo, mwanao wa pili," taja jina lako mwenyewe, mwondolee mzigo, kisha mwulize: "Hivi wewe unaonaje, mtama wa zamani na wa sasa upi mtamu?" Hapo hakuna jibu la kukosea. Atakuambia. Na katika kukuambia atautaja uwele, ataitaja njaa, atautaja mlenda aliokausha mama yake juu ya paa la tembe, na huenda katika safari hiyo jina lako likajitokeza lenyewe.

Kuna jambo linaendelea mijini siku hizi. Vijana wenye nia njema wanawawekea wazazi wao michezo ya kwenye simu inayosemekana inanoa ubongo. Sipingi mzee kucheza. Lakini ushahidi tuuweke mezani. Huko Marekani kulikuwa na utafiti mkubwa uliopewa jina la ACTIVE. Wazee 2,832 waligawanywa makundi: wengine walifundishwa mbinu za kukumbuka, wengine kufumbua mafumbo ya mantiki, wengine kuona na kuamua upesi, na wengine hawakufundishwa chochote. Matokeo ya kwanza, mwaka 2002, yalionyesha kila kundi limepanda katika kile lilichofundishwa, wala si katika vingine. Aliyefundishwa kukumbuka orodha hakupata wepesi wa macho. Miaka kumi baadaye wale wa mantiki na wale wa wepesi walikuwa bado wana faida yao. Ile ya kukumbuka ilikuwa imefifia. Na Januari 2016 kampuni iliyotengeneza michezo ya simu ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2, baada ya mamlaka ya Marekani inayolinda walaji kusema kwamba iliwaahidi watu kinga dhidi ya kusahau bila ushahidi wa kutosha.

Mimi hapo nasikia jambo moja: kiungo unachokizoeza ndicho kinachopata nguvu. Ukimzoeza mama kugusa vipepeo kwenye kioo cha simu, atakuwa hodari wa kugusa vipepeo. Ukimwachia hesabu ya karanga, majina ya wadaiwa, bei ya debe na lini mvua zilichelewa, atabaki hodari wa maisha yake mwenyewe. Ndiyo maana nasema zoezi la ubongo tulilokuwa tunalitafuta, mama alikuwa nalo, tukamnyang'anya kwa mapenzi.

Pita pale wazee wanapochezea bao saa kumi jioni. Simama kidogo, usiongee. Mashimo 32, kete 64. Katika bao kamili la Kiswahili kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na 22 ziko mkononi, anaziingiza mojamoja wakati wa kunamua. Wengi hapa bara huanza na lile jepesi la kete mbilimbili kila shimo, lakini hata hilo si la mtu aliyesinzia. Nilimtazama mzee mmoja, macho yameingia ukungu, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Mkono wake ulikaa juu ya ubao bila kugusa kitu kwa muda mrefu hadi nikataka kukohoa. Alikuwa anaenda na kurudi kichwani: nikila hapa, zinaishia shimo la kimbi, naanza upya, zinapita shimo la kichwa, zinalala wapi? Kisha akanyanyua kete, akazisambaza upesi kuliko macho yangu, akala, akasambaza, akala tena, na ya mwisho ikaangukia shimo tupu alilolitaka tangu mwanzo. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, alikaa na mabingwa wa bao Zanzibar, akaandika kitabu kizima mwaka 1995, na kitabu hicho kinazungumzia ukomo wa akili ya binadamu. Alikuja kutafuta ukomo huo barazani kwetu, mahali ambapo sisi tunapita tukisema wazee hawana kazi.

Na mama zetu je? Bao limekaliwa na wanaume, hilo tuliseme wazi, na wanawake ndio walionyimwa shule zaidi. Lakini Mgogo wa hapa kwetu ana hazina nyingine. Ngoma ya muheme ni ya wanawake. Mama anaibana katikati ya magoti, mikono yake inapiga mdundo mmoja, jirani yake mdundo mwingine, wa tatu anapita katikati yao, na juu ya hapo kuna sauti za nyimbo zinazopishana na kukutana. Muziki huu wa Kigogo, ambao marehemu Hukwe Zawose aliutembeza duniani kwa zeze na marimba hadi alipofariki mwaka 2003, hauna karatasi. Umeandikwa vichwani. Mwimbaji anashika sehemu yake huku akisikiliza za wenzake, anahesabu miguu, anangoja zamu yake. Na wanaowatunza wazee wenye demensia watakuambia kwamba mtu aliyesahau jina la mwanawe bado anaweza kuimba wimbo wa ujana wake ubeti kwa ubeti. Msiwaweke bibi viti vya mbele kwenye sherehe wakatazame tu. Wapeni ngoma.

Nisieleweke vibaya hapa, maana kuna hatari. Nikisema bila dawa, sisemi utupe vidonge vya presha. Katika utafiti mwingine wa hukohuko Hai, karibu wazee saba kati ya kumi wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na shinikizo la juu la damu, na presha isiyodhibitiwa inaharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya. Mwaka 2024 jopo la wanasayansi walioandika katika jarida la Lancet, wakiongozwa na Gill Livingston, walikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Humo kuna presha, kisukari, sigara, pombe iliyozidi, kutosikia, kutoona vizuri, sonona, upweke, na elimu ndogo ya utotoni. Tazama ni mangapi kati ya hayo hayahitaji maabara kubwa: nta itolewe, miwani ipatikane, mtu asikae peke yake kutwa. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla, leo hivi jana hakuwa hivyo, huyo usimpeleke kwenye bao wala ngoma. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi, kiharusi au sukari, na kila saa ina maana.

Mji wetu huu una utajiri ambao hatuutumii. Chuo cha Ualimu kimekuwa hapa Mpwapwa tangu miaka ya 1920. Walimu wangapi wastaafu wanaishi kati yetu? Wangapi walifanya kazi kituo cha utafiti wa mifugo, ambako walizalisha aina ya ng'ombe inayobeba jina la mji wetu, na bado wanaweza kukutajia koo za madume? Na wengine wote, hata wasio na cheti, ni watoto wa redio. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa kwenye vikundi kusikiliza redio, wakajadiliana, wakaenda kuchimba vyoo. Aliyekuwa na miaka ishirini na mitano siku zile leo amepita sabini. Ujuzi wa kukaa kikundi, kusikiliza, kubishana na kuamua, wanao. Natamani kuona kila kitongoji kina kikundi cha wazee mara mbili kwa wiki, mwalimu mstaafu mmoja na mhudumu wa afya wa jamii mmoja, chini ya mti, wimbo wa kufungulia, mpira wa matambara, mada moja. Waanze na Operesheni Dodoma, ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa: tuliambiwa tuhame, unaonaje, ilikuwa sawa? Hapo hamtamaliza siku hiyo.

Nyumbani kwetu tulikaa kikao cha pili. Safari hii tulimwita na mama. Kaka ndiye aliyesema, na ilimwia vigumu, kwamba tulikosea. Mama akauliza swali moja tu: ghala lina magunia mangapi? Hakuna kati yetu aliyejua.

Sitawaambia kwamba amerudi kama zamani. Vidonge vya presha anakumbushwa. Mimi huniita kwa jina la kaka yangu mkubwa aliyetangulia mbele ya haki, nami huitika. Lakini msimu wa kupanda uliopita, ungo ulikuwa mapajani mwake, anachambua karanga za mbegu. Zilizokunjamana huku, zilizopasuka ngozi huku, nzima anaziachia zianguke kwenye kisado na sikio lake limeinama kana kwamba anazisikiliza. Binti wa kazi alitaka kumsaidia. Akamwambia, "Wewe kaa, uone."

Na Jumapili mchana akina mama wa kikoba huja uani kwetu na sanduku. Kufuli tatu. Wawili hufungua zao upesi. Mama anashika pindo la kanga, anatafuta fundo, vidole havioni vizuri; anajaribu upande wa kushoto, halipo, anahamia kulia. Inachukua muda. Wenzake wanakaa kimya wanamngoja, na hakuna anayenyoosha mkono kumsaidia.